Mlio wa Sufuria ya Babu

Babu hakuiamini sufuria mpaka aisikie. Akishaitoa kwenye kalibu ya mchanga na kuipiga tupa ukingoni, aliining'iniza kwa kidole kimoja, akaigonga kwa kifundo cha mkono wa pili, akainamisha kichwa. Ikilia vizuri, alitabasamu peke yake. Ikitoa sauti butu, ilirudi kwenye moto pamoja na vipande vya injini, rejeta mbovu na chochote kilichokubali kuyeyuka. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kizingiti cha karakana, nimejaa masizi puani. Hadi leo nikiusikia moshi wa namna ile mahali, hugeuka kumtafuta.

Sufuria iliyolia vizuri kuliko zote alimpa bibi. Mimi na dada tulikua kwa uji uliopikwa humo. Kisha akaja binti wa dada, tuliyemwita Chiriku kwa kelele zake.

Ila Chiriku akanyamaza. Maneno machache aliyokuwa nayo yalianza kumpotea, akawa anakonda na kushika tumbo. Kliniki walimpima damu, wakakuta ina madini ya risasi. Muuguzi aliuliza habari za rangi za ukutani, betri za zamani, mwisho vyombo vya kupikia. Alisema sufuria za vyuma chakavu zinaweza kuwa na risasi, nayo huingia kwenye chakula kidogo kidogo, haina ladha wala harufu.

Dada alinituma mimi kwa bibi. Alisema yeye angegombana naye.

Nilimkuta anakoroga uji wa Chiriku. Nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye sufuria. Bibi alisikiliza bila kuniangalia. Babu alikuwa akituita sisi wajukuu wa kike "wake zangu", na bibi hakuwahi kulisahau hilo.

"Mke mwenzangu," akasema, "mzee amekufa, na bado unatafuta namna ya kunitenga naye?"

Nilicheka, na kabla kicheko hakijaisha nikawa nalia. Nikamwambia babu hakujua. Mkono wake ulikuwa mzuri. Ubaya ulikuja na vyuma alivyoletewa.

Mwiko ukasimama.

"Mikono yake ilikuwa inatetemeka," akasema taratibu. "Mwishoni hata kikombe kilimshinda. Tukasema uzee."

Akaipua sufuria, akaumwaga uji wote.

Nilishauri tumpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Bibi aliniangalia kama mtu aliyepoteza akili: si ingeyeyushwa tena, ikampikia mtoto wa mwenzetu? Akatafuta nyundo ya babu na msumari, akaitoboa kitako mwenyewe, asije mtu akaipikia siku yeye hayupo. Kisha akanipandisha kwenye kiti niitundike kwa waya juu ya mlango wa jikoni, mahali mkono wa mtoto haufiki.

Sasa Chiriku anapikiwa kwenye sufuria ya stili, ambayo bibi anadai haina adabu, inaunguza chakula makusudi. Kliniki wanasema risasi inapungua, tuwe na subira.

Jana nilikuwa uani naanua nguo. Chakula kilikuwa kimeiva, na bibi akanyoosha mkono akaigonga ile sufuria ya mlangoni kwa kifundo, kichwa amekiinamisha. Mlio ulikuwa ule ule, una kikwaruzo kidogo kwa sababu ya tundu. Niligeuka kumtafuta babu, kama kawaida yangu.

Chiriku alitoka chumbani mbio, akasimama chini ya sufuria, akatazama juu.

"Tena," akasema.

Bibi akagonga tena.