Mpandisha Makinda wa Shauri Moyo

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, wafanyakazi wa kiwanda cha magunia huko Industrial Area walipimwa uzito kabla ya chai ya saa nne. Januari mwaka wa 1981 Bedan Gachanja alikuwa na kilo sitini na nne. Machi alikuwa na arubaini. Juni mshale ulisimama kwenye tisa. Daktari wa kiwanda aliigonga mizani kwa kalamu, mshale ukabaki pale pale, naye akaandika kwenye kadi: Mzima, aendelee na kazi.

Bedan hakuwa amekonda. Suruali zilimkaa kama zamani, na Waithera mkewe hakuwahi kumhamishia hata kifungo kimoja. Ni uzito tu uliomtoka. Miaka kumi na mmoja alikuwa amechana katani katika chumba kisicho na dirisha, chenye vumbi zito hata watu wakatambuana kwa kikohozi. Sasa kila asubuhi Waithera alimtia mawe mifukoni, mawili kila upande, naye akaenda kazini kwa miguu kama wenzake. Msimamizi alipoiona hali yake alimwongezea kazi ya kupangusa boriti za paa, kwa kuwa hakuhitaji ngazi.

Alipokohoa alitoa nyuzi za katani. Mwanzoni zilikuwa fupi kama kope, baadaye zikafika urefu wa mkono. Waithera alikuwa amelelewa na wanawake wasokota vyondo, vile vikapu vya nyuzi, na hakuona sababu ya kutupa katani nzuri. Aliziosha, akazianika, akazisokota pajani, na kufikia Julai alikuwa na kiondo kizima na mkanda wake.

Waliishi Shauri Moyo, katika nyumba ya kanjo, ya kupangishwa na baraza la jiji, iliyotazama migunga mitano kando ya mto. Juu ya migunga hiyo walikuwa wamejenga makorongo, wale wenye upara na mfuko shingoni. Watu wengi hawakuwapenda kwa kuwa walikula taka. Waithera aliwatazama kila alipoketi mlangoni kumenya viazi, na alijua nani ana makinda wangapi kama mtu ajuavyo mambo ya majirani.

Julai hiyo dume wa mti wa tatu alinaswa kwenye nyaya za umeme akafa. Jike alihangaika peke yake siku nne, kisha naye akaokotwa jaani amekufa.

"Baba Wakiuru," Waithera alimwambia mumewe aliporudi kazini, "wale makinda watatu hawajaletewa kitu tangu juzi."

Bedan alimaliza chai yake. Akatoa mawe mifukoni, akayapanga kizingitini, akatwaa kiondo. Viota vilikuwa kwenye ncha za matawi ambazo hata paka asingethubutu kuzipanda, lakini yeye alizikanyaga na majani hayakutikisika. Aliwatia makinda kiondoni, na Waithera akamwelekeza kutoka chini: wawili wakubwa wapelekwe mti wa tano, kwenye kiota chenye kinda mmoja wa rika lao, yule mdogo apelekwe mti wa kwanza, ambako makinda wenyeji walikuwa bado na manyoya kama pamba. Kisha ashuke, wangoje.

Jua likielekea kuzama, korongo wa mti wa tano alitua. Aliwatazama makinda watatu mahali alipoacha mmoja. Akagonganisha mdomo mara mbili, halafu akacheua utumbo katikati ya kiota, na wote watatu wakala.

Baada ya hapo watu walianza kuwaletea makinda yatima. Luul, muuza nyama wa Majengo, alileta kinda aliyeanguka, akiwa amemfunga kwenye mtandio wake. Alimtazama Bedan akisimama juu ya kitawi, akauliza kama amekula. Kufikia katikati ya Agosti makinda kumi na mmoja walikuwa wamepata wazazi.

Ndipo Nahashon, karani wa kiwanda, alipopita mtaani akienda kwa shemeji yake, akakiona kiondo. Jumatatu Waithera aliitwa ofisini aje nacho. Daktari alikuwepo pia.

"Hii katani ni yetu," Nahashon alisema akiusugua uzi kwa vidole. "Daraja la kwanza. Mama, mliitoa wapi?"

"Kifuani mwa mume wangu."

"Iliingiaje huko?"

"Kwa kupumua. Na kama katani ni yenu, basi ugonjwa pia ni wenu. Andika hivyo."

Nahashon aliandika. Alipomaliza alimsomea, kwa sababu alipenda mambo yawe wazi: kwamba Bedan Gachanja ametoa mali ya kiwanda nje ya lango bila kibali kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Kuhusu ugonjwa hakukuwa na neno, maana kadi ilisema mzima. Daktari alithibitisha kwamba huo ni mwandiko wake. Bedan akafutwa kazi siku hiyo hiyo, na kiondo kikabaki mezani.

Waithera alifika darajani kabla ya kugundua kwamba vidole vyake bado vimekunjwa, kana kwamba vimeshika mkanda.

Tangu hapo mawe hayakutosha. Bedan alilala mgongo wake ukigusa dari, akikohoa bila kukoma, na Waithera akasokota kamba kwa nyuzi zilizozidi kumtoka. Alimfunga kiunoni. Mchana alimwachia apande kuwatazama makinda, jioni akamvuta chini. Siku ya mvua, korongo wa mti wa tano alimfunika kwa bawa pamoja na wale wengine.

Jioni moja ya Septemba alivuta, kamba ikakataa.

"Baba Wakiuru, shuka. Ugali unapoa."

"Mama Wakiuru," alijibu bila kupaza sauti, "huku napumua."

Miaka mitatu Waithera hakuwa amemsikia akisema neno zima pasipo kikohozi kulikata. Alisimama ameshika kamba. Alifikiri juu ya kitanda chao, na juu ya mtoto wao Wakiuru aliyekuwa shule ya bweni Murang'a, na barua ambayo ingebidi amwandikie. Alilia kidogo. Kisha akaiachia kamba, na makorongo wakaivuta juu wakajengea.

Makinda waliruka Oktoba. Bedan alibaki, maana wenye kiota hawakumfukuza. Waithera aliendelea kumenya viazi pale mlangoni, akimpa habari za nyumbani, naye akizijibu.

Mwezi huo huo kiwanda kilijaza nafasi yake. Watu mia mbili walipanga foleni langoni kabla ya saa moja asubuhi. Msimamizi aliwapandisha kwenye mizani mmoja mmoja, akamchagua aliyekuwa mzito kuliko wote, bwana mmoja aitwaye Mutisya, mwenye kilo tisini na mbili. Daktari alipiga hesabu kwa kufuata kilo na miaka ya Bedan, akasema huyo atadumu miaka kumi na sita.