Kichwa cha Baba Shamila

Wewe ukinunua kofia ya kushonwa kwa mkono, huwa unauliza ilivaliwa na nani kabla yako? Nakuuliza kwa sababu yule kijana aliuliza mambo yote, hilo akaliacha.

Alifika kwetu Kondoa na basi la asubuhi kutoka Dodoma, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Jina lake Swalehe, anakaa Nzuguni, kazi yake ofisini kule Mtumba. Ijumaa alikuwa anaoa. Kanzu alishaipata, ya pamba tupu, na fundi wake anamjua kwa jina; ilibaki kofia. Akatuamkia, mimi na mume wangu, akaketi mkekani, akaanza.

"Bibi, uzi huu ni pamba?"

"Pamba."

"Kashona nani?"

"Mikono hii unayoiona."

"Na malipo yanakufikia mwenyewe, au kuna dalali katikati?"

"Dalali wa nini, mjukuu wangu? Hapo ulipokaa ndipo kiwandani, ndipo dukani, na ndiyo ofisi ya mkurugenzi."

Nilimpenda. Wengine huja wakaziminya kofia kama wanachagua nyanya. Huyu alisema za mashine zimejaa sokoni, bei chee, lakini hajui zimepita mikononi mwa nani, na siku ya ndoa yake hataki kuvaa kitu kilichomuumiza mtu.

Nikatoa ile niliyokuwa nayo, moja tu. Nilikuwa nimeishona tangu alizeti zinachanua hadi zikapurwa. Uzi wa rangi ya udongo wa milima yetu, mashina ya mtama yanapanda pembeni, na juu vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi mpaka ukakiona kama kinakutazama. Macho yangu yalikuwa yameanza kuvikataa vitundu vya namna hiyo. Ninazoshona siku hizi zina vitundu vikubwa. Nzuri, nazisifu mwenyewe, lakini ile ilikuwa ya mwisho ya aina yake, na pale nyumbani tulijua.

Sasa nikueleze ninavyopima. Shangazi aliyenifundisha alitumia kibuyu. Mimi nilipoolewa nilikiweka kibuyu pembeni, nikatumia kichwa cha mume wangu Abubakari, ambaye namwita Baba Shamila kwa jina la binti yetu. Kina mviringo mzuri, hakina kona. Mteja mwenye kichwa kikubwa namwongezea upana wa kidole, mwenye kidogo nampunguzia. Kwa hiyo hakuna kofia iliyotoka mlangoni kwangu ambayo yeye hakuivaa kwanza. Anarudi shambani, ananawa, anakaa kwenye kigoda, namvisha, namgeuza huku na huku kama mtoto anayenyolewa, kisha anavua. Halafu anajivalia yake ya zamani, ile niliyojifunzia, mistari imepinda kama njia ya mbuzi. Kila nikimwambia nimshonee nyingine, jibu lake ni lile lile: "Wape wateja." Basi nikawapa wateja.

"Baba Shamila," nikamwambia siku ile, "hebu ivae, kijana aone inavyokaa."

Akavaa. Ilikaa kama imeota pale. Nikanyoosha mkono nipewe. Hakuivua.

"Baba Shamila, mteja anasubiri."

"Na asubiri."

Swalehe akacheka. "Babu, kwani anayeoa ni nani?"

Mume wangu hakucheka. "Umesema hutaki kofia iliyomuumiza mtu," alimwambia. "Mbona mimi hujaniuliza?"

Ijumaa ile Swalehe alioa. Picha ninayo: kanzu nyeupe pe, na kichwani kofia kuukuu yenye mistari iliyopinda, ambayo niliifua, nikaitia wanga na kuzikaza nyuzi zake zilizolegea kabla hajaondoka nayo. Hakuinunua, aliiazima. Aliirudisha mwenyewe, amefuatana na mkewe, akaagiza ya vitundu vikubwa, na wenzake wa ofisini nao wakaagiza. Yule kijana alichokisema alikimaanisha. Ingemwia vigumu mwingine kuiacha ile mpya, maana mahari ilishatolewa na wageni walishaalikwa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile pale uani mkono wangu ulikuwa bado umenyooka hewani. Kichwa kile nakijua chote: kovu la boriti iliyomwangukia tukijenga, mvi zilipoanzia, upande anaolalia. Nikadhani nakijua na ndani.

"Imekuumizaje?" nikamuuliza.

Akaushika ukingo wa kofia kwa vidole viwili, kama anayetaka kuivua, kisha akaushusha mkono.

"Zote nimezivua," akasema. "Nilikuwa nataka mara moja tu, ukishanivisha, uniambie nisivue."