Sifuri za Tanambao

Hamidou hakumkubalia mtu mwingine ambebe mtoto. Alikuwa mchukuzi wa bandarini, mikono yake imezoea magunia ya kahawa, na kile kitu kidogo kilichofungwa sanda alikibeba kwa hadhari kama anayeogopa kukimwaga. Mchimba kaburi alipoanza kutafuta mahali, Hamidou alimwonyesha kwa kidevu.

"Mlaze pale, kwa nduguze."

Mikidache, aliyekuja kuzika pamoja na wenzake wa mtaani, akatazama. Palikuwa na vilima vitatu vidogo vya udongo, kimoja kimeshaota nyasi. Nyumba ya Hamidou na mkewe Koulsoum aliijua. Miezi michache nyuma aliketi barazani kwao, akanywa chai yao, na kwenye fomu yake ya utafiti, pale palipoulizwa idadi ya watoto waliokufa, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: sifuri.

Mikidache alikuwa mtoto wa mtaa wa Tanambao, hapa Mahajanga, wa ukoo uliotoka Ngazija. Nchi ilikuwa haijatimiza miaka sita ya kujitawala, naye alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kule Tananarive, mji mkuu, akisoma hisabati tumizi na takwimu. Mtaani kwao hakuna aliyewahi kufika huko. Vijana walimtania "Bwana Hesabu", na msikitini wazee walimsogezea nafasi safu ya mbele, naye ndevu ndiyo kwanza zinachipua.

Ili apate shahada alitakiwa afanye utafiti. Akaamua kupima vifo vya watoto wachanga mahali pawili: kijiji cha Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be, na Tanambao kwao. Nyumba hazikuchaguliwa kwa kupenda. Zilipigiwa kura kwa jedwali la namba za nasibu, maana mwalimu wake, Bwana Delmas, alikuwa akisema kwamba anayechagua kwa jicho hupata kile alichotaka kukiona. Kura ikaiangukia hata nyumba ya mama yake Mikidache.

Ambatoloaka aliuliza kila kitu. Alikuwa mgeni, kijana wa mjini mwenye viatu, na mgeni husamehewa. Wanawake walimjibu kwa Kisakalava huku wakipara samaki. Wengine walilia, naye akangoja, kisha akaendelea.

Tanambao ilikuwa habari nyingine. Kwao mama hahesabu watoto mbele za watu, asije akawaitia jicho. Na aliyezikwa hatajwi mbele ya mama yake mpaka mama mwenyewe aanze. Angemtazamaje shangazi yake Hadidja, aliyemfunza kula kwa adabu, akamwuliza, "Umezika wangapi?" Basi alizungumza nao habari za maji na za vyoo, na akilifikia swali lile alikohoa, akashukuru kwa chai, akaaga. Kanuni ilisema swali ambalo halikuulizwa liachwe wazi na nyumba irudiwe. Kurudi hakuweza. Akajaza sifuri, akajiambia kuwa hiyo ndiyo heshima.

Na heshima ile ikazaa. Bwana Delmas alifurahi mno: mjini watoto wanaishi, kijijini wanakufa, tofauti iliyo wazi kama mchana! Wakubwa wa afya walikuwa na mkunga mmoja mpya wa kumpangia kituo, na baada ya kusoma hesabu zile wakaamua aende Nosy Be. Asubuhi ya pili yake baada ya maziko haya, Bwana Delmas, aliyeshuka kutoka Tananarive, angemsimamisha Mikidache mbele yao azieleze. Baada ya hapo shahada ilikuwa kama imo mfukoni.

Kutoka makaburini alikwenda kwa mama yake, Bi Ansoifa, akamkuta juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mama, nimefanya kosa kubwa."

"Umeoa Tananarive?"

"Mama, si mzaha."

Akamweleza. Bi Ansoifa alisikiliza bila kuacha kukuna.

"Ungeniuliza swali hilo, ningekuchapa kwa mwiko."

"Najua. Ndiyo maana sikuuliza."

"Basi mtoto nimemlea. Kosa liko wapi?"

"Mkunga anakwenda Nosy Be, mama. Wamesoma kwangu kwamba watoto wa Tanambao hawafi."

Mkono wa Bi Ansoifa ukasimama.

"Na ukisema kweli?"

"Shahada inakwenda. Huenda na nafasi yenyewe ya kusoma."

"Nyamaza basi. Wa Ambatoloaka si watoto? Waache wapate mkunga wao. Koulsoum harudishiwi wake kwa wewe kuanguka. Mtaa mzima unakutazama, Mikidache. Usituvue nguo mbele ya wanaotucheka."

Alisema maneno yenye haki ndani yake, na hilo ndilo lililomtesa. Akina mama wa Ambatoloaka walimjibu kwa machozi. Je, sasa awanyang'anye? Darasani alifunzwa kulipima kosa la bahati nasibu, lina kanuni yake na mzizi wake wa mraba. Kosa la kuona haya hakufunzwa kulipima.

Asubuhi, katika chumba cha mkutano, Bwana Delmas alizungumza kwa fahari kama mwenye jogoo wa kupigana. Kisha akamwachia ubao. Mikidache alishika chaki, asiandike kitu.

"Namba za Ambatoloaka ni za kweli," alisema kwa Kifaransa. "Za Tanambao mzifute."

"Zina upungufu?" Bwana Delmas aliuliza.

"Sikuuliza, bwana. Nilijaza."

Mkubwa mmoja wa afya, mtu mnene, akavua miwani. "Sasa mkunga aende wapi, kijana?"

"Ambatoloaka wanamhitaji, hilo nimelipima. Tanambao sijui."

"Hujui! Si wewe ndiye mwenyeji wa huko?"

Wenzake wakacheka.

"Ndimi, bwana. Ndiyo sababu sijui."

Bwana Delmas hakucheka. Wakubwa walinong'onezana, wakaamua mkunga asiende kokote mpaka hesabu irudiwe. Nje ya mlango mwalimu alisema bila kumtazama, "Ulikuwa bora kuliko wote. Sifuri ya kutunga ni uongo kama namba nyingine yoyote. Utarudia mwaka, chuo kikikubali. Mimi sitakutetea, wala sitakupinga."

Kwa hiyo sehemu mbili zilikosa mkunga, na aliyezikosesha ni yeye. Alirudi Tanambao kwa miguu. Vijana penye pousse-pousse, vile vigari vya kukokotwa na mtu, walimwona, hakuna aliyemwita Bwana Hesabu. Habari ilikuwa imemtangulia. Alipofika kwao akaukuta mlango umerudishwa, mchana kweupe. Hakuusukuma.

"Hodi."

"Nani?"

"Mtu wa takwimu."

"Mtu wa takwimu hana mama?"

"Anaye. Nyumba yake iliangukiwa na kura."

Bi Ansoifa akafungua. Macho yalikuwa mekundu, sauti kavu. "Uliza basi, ukatuaibishe vizuri."

Swali lile alilijua kwa Kifaransa na kwa Kimalagasi. Kwa lugha ya nyumbani hakuwahi kulitia kinywani.

"Mama, kabla yangu na baada yangu, Mungu alikuchukulia nani?"

Mama akaketi kizingitini, akavuta leso hadi kwenye paji la uso.

"Ondoka kwenye mwanga," alisema. "Nisikuone."

Mikidache akasogea kando. Mama akaanza na wa kwanza, ambaye mwanawe hakuwahi kujua kwamba alikuwapo.