Shamba Lenye Mtu

Mteja wa Mwanza alipopiga simu, Munira Mhina alikuwa barazani pa fundi cherehani mmoja huko Kilole, anapunguza ukubwa wa picha za nyumba ya vyumba vitatu iliyoko Old Korogwe, ili zisile bando la watu. Mteja alisema amelipenda shamba la Handeni, lakini alitaka kujua kama yule bibi anayelima kwenye picha ataondoka au anabaki na shamba. Munira akamjibu kwamba shamba lile limeshauzwa, ila alisahau kuliondoa kwenye tovuti yake. Akakata simu, akafungua ukurasa wa shamba, akamkuta Bibi Mwatumu, mjane wa mwenye shamba, analima ndani ya picha.

Munira alikuwa dalali. Alipoanza kazi hiyo, madalali wa stendi hawakumfukuza. Walimwacha akae nao kwenye benchi, na mteja akitokea walisimama wote wakamzunguka, yeye akabaki ameshika pochi yake. Ndipo akamwendea Paulo, mwenye duka la kutoa fotokopi, naye akamtengenezea tovuti yenye jina lake na picha yake amevaa mtandio wa kijani. Humo aliandika mambo ambayo hakuna dalali aliyewahi kuyaandika. Maji yanatoka kwa zamu. Mto Pangani ukijaa, uani panaingia maji. Jirani anafuga nguruwe. Watu wa Dar, wa Arusha, na hata wenyeji walioko Muscat walisoma, wakaamini, wakapiga simu. Baadaye madalali wa stendi wenyewe wakaanza kumletea nyumba zao azitangaze.

Shamba lile la Handeni, lililoko mbele ya Kang'ata, aliletewa na Mustapha. Mwenye shamba, mzee Athuman, alikuwa baba yake mkubwa, na alishafariki. Mustapha alikuwa na karatasi zenye mihuri, na alisema ukoo umekaa na kukubaliana. Munira alipanda bodaboda akaenda kupiga picha. Ulikuwa mchana, baada ya chakula. Mjane wa marehemu, Bibi Mwatumu, alikuwa na jembe lake katikati ya mahindi yaliyofika magotini. Munira alimwamkia, akamwomba asogee kidogo. Bibi akasogea, lakini kila aliposogea palikuwa bado ni shambani, kwa hiyo akaonekana pembeni ya picha. Hakuuliza picha ni za nini. Munira naye hakumwambia, alidhani ameshaambiwa.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Dar aliyetaka kupanda michungwa. Siku katapila lilipofika, nyumba ya udongo ilianguka na mahindi yakafukiwa, na Bibi Mwatumu hakuonekana. Majirani walidhani amekwenda Korogwe kwa binti yake, Mwanaisha. Mwanaisha alidhani yuko kwa majirani. Kumbe alikuwa ameingia kwenye picha.

"Shikamoo bibi," Munira aliiambia simu.

"Marahaba, mwanangu," Bibi Mwatumu alijibu bila kuacha kulima. Sauti yake ilisikika kama ya mtu aliye upande wa pili wa ua wa miti. "Hapa ndipo palipobaki. Nimeona nisiondoke tena."

Fundi cherehani aliinua macho, naye akamwamkia bibi, akaendelea kushona.

Maisha ya mle ndani Munira aliyaelewa polepole. Jua halikusogea. Bibi hakuona njaa, kwa sababu siku ile alikuwa ameshakula, na shibe ile haikumtoka. Mahindi nayo hayakuongezeka hata kidogo, ingawa aliyapalilia. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba alisali adhuhuri, akangoja, na alasiri haikuja. Akamwomba Munira awe anamwambia. Basi kila adhana ilipotoka Munira alifungua ukurasa akasema, "Bibi, magharibi imeingia," na Bibi Mwatumu aliweka jembe chini, akatayamamu kwa mchanga, kwani maji hayakuwamo, akasali magharibi jua likiwa utosini.

Mwanaisha alikuja kila Ijumaa kumwona mama yake. Alikaa na simu mapajani, wakaongea habari za wajukuu, na wakati wa kuondoka alimrudishia Munira simu kwa mikono miwili. Hakumlaumu. Alimwuliza tu kama kuna njia ya kumtoa, na Munira akasema atajaribu.

Alianza na Mustapha. Mustapha alimwamkia mama yake mkubwa kwa heshima, akamwuliza hali, kisha akasema ardhi ya ukoo haiwezi kubaki kwa mwanamke, na kwamba jambo likishapigwa mhuri halina mjadala. Mnunuzi naye alisikiliza yote kwa simu. Alisema anamhurumia sana yule bibi, lakini shamba ni lake sasa, na bibi yumo humo bila ruhusa, kwa hiyo picha iondolewe. Munira akaweka kidole penye neno la kufuta. Hakujua bibi angekwenda wapi baada ya hapo. Akaondoa kidole.

Ikabaki kwenda barazani, mbele ya wazee wanaosuluhisha migogoro ya ardhi. Simu iliwekwa mezani, imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na wajumbe wakamwamkia Bibi Mwatumu mmoja mmoja. Mwenyekiti alisafisha miwani yake, akamwuliza kwa sasa anaishi wapi.

"Shambani kwangu," Bibi Mwatumu alisema.

Wajumbe wakainamiana, wakanong'ona kidogo. Kisha mwenyekiti akasema, "Mlalamikaji mwenyewe amesema yuko shambani kwake. Baraza halioni alichonyang'anywa."

Munira akaeleza kwamba ile ni picha. Mwenyekiti akajibu kwamba analiona hilo, tena ni picha nzuri, imetoka vizuri. Shauri likafungwa. Mjumbe mmoja alimsindikiza Mwanaisha mpaka mlangoni, amemshika mkono, kwa sababu alikuwa analia na haoni ngazi.

Njiani Bibi Mwatumu aliuliza wameamuaje. Munira akamwambia wamesema yuko shambani kwake.

Bibi alifikiri. "Hilo ni kweli," alisema. "Lakini sikuwauliza hilo."

Akarudi kupalilia.

Biashara ya Munira ilikua. Watu walifungua tovuti kumtazama bibi anayelima, na wakishamtazama waliangalia na viwanja vingine. Munira akapanga chumba chenye mlango wa kioo. Mara kadhaa alitaka kuacha kazi hiyo akauze vitenge, lakini tovuti ikifungwa bibi hana pa kwenda, na ili apate pesa za kuilipia isifungwe ilibidi auze. Akajiwekea sharti la kutopiga picha mahali kabla ya kuwauliza wanaoishi hapo kama wameridhia. Wasioridhia aliwaacha. Makazi yao yaliuzwa na madalali wa stendi, bila picha yoyote. Mmoja wa walioondolewa hivyo, Zamda, mama wa watoto mapacha, sasa alikuwa analala kwenye jiko la shemeji yake.

Habari za bibi anayeishi pichani ndizo zilizomfikia mzee Bernardo. Aliingia ofisini kwa Munira amevaa koti la kwendea kanisani. Alizaliwa katika kambi ya mkonge nje ya mji. Baba yake alikuja kukata mkonge akitokea Msumbiji, na kampuni ilipokufa watu wa kambi walibaki wakalima. Sasa shamba lote lilikuwa limepata mwenyewe mwingine, na vigingi vilishapigwa mpaka mlangoni kwake.

"Sikuja kuuza, mama," alisema. "Nimekuja unipige picha kabla sijaondolewa."

Munira akamwambia bado hajaondolewa, anaweza kwenda kulalamika. Mzee Bernardo akasema wenzake walikwenda, na sasa wanaishi kwa watoto wao. Yeye hakujaliwa mtoto. Aliomba picha ipigwe asubuhi, maana jua la mchana lingemtesa.

Walikwenda kesho yake, umande haujakauka. Mzee alisimama mbele ya nyumba yake, akauliza kama kaburi la marehemu mkewe, Edna, linaonekana. Lilikuwa pembeni, chini ya msalaba wa saruji. Munira akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa seng'enge mpya za mwenye shamba. Hapo hakuweza kurudi zaidi. Kaburi likiingia, nyumba inatoka. Nyumba ikiingia, kaburi linatoka. Akamweleza, akamwachia achague.

Mzee Bernardo aliitazama nyumba, akaenda akafunga mlango wake. Kisha akatembea hadi kaburini, akasimama hapo, akavifunga vifungo vya koti kwa sababu palikuwa na baridi.

"Hapa," alisema.

Munira akapiga.