Boliti Nne

Fundi alikuwa amepiga magoti chumbani mwa watu, drili mkononi, vumbi la saruji limemjaa hadi kwenye nyusi, anatoboa tundu la tatu ukutani. Kila nyumba ilikuwa na matundu yake manne na boliti zake nne, lakini sanduku la chuma lilikuwa lilelile. Alilichomelea yeye mwenyewe, akamuuzia Dalali, na tangu siku hiyo lilikwisha kuingia nyumba kumi na moja.

Sheria mpya ilisema mwenye bunduki awe na sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na mkaguzi alione kwa macho yake ndipo leseni iongezwe muda. Sanduku ni ghali. Dalali, mtu ambaye akili yake hailali njaa, akaanza kulikodisha. Asubuhi linafungwa, mkaguzi anakuja, anatazama, anaandika; adhuhuri linafunguliwa na kupakiwa kwenye pikapu, safari ya kwenda kwa mwingine. Fundi hulipwa kwa kufunga na kufungua. Mimi ni wa boliti tu, alijiambia, mengine hayanihusu.

Lakini alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Kiwandani walimwachisha kazi kwa sababu hiyohiyo. Nyumba zote kumi na moja alijiuliza swali moja: sanduku likiondoka, bunduki inalala wapi?

Nyumba ya leo ilikuwa ya meneja mstaafu, na mke wa fundi, Mama Pacha, alikuwa na mwaka wa pili akifanya usafi humo. Shule zilikuwa zimefungwa. Pacha wao, wasichana wa miaka sita, hakuwa na mtu wa kumwachia, kwa hiyo kila siku alikuja nao kazini. Fundi aliwasikia koridoni wakigombania nani awe mwalimu.

Mama Pacha aliingia na mashuka. Akainua mto wa bosi, akashika kitu cheusi kwa vidole viwili kama anayetupa panya aliyekufa, akakiweka juu ya stuli, akaanza kutandika.

"Mama Pacha, nini hicho?"

"Bastola ya mzee. Huwa naihamisha nikitandika, halafu nairudisha."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Ina risasi?"

"Nitajuaje? Mimi nimeajiriwa kufagia."

"Na watoto? Wanaingia humu?"

Mama Pacha alikung'uta mto kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Nimewakataza. Lakini mtoto na kukatazwa unavijua. Jana nimemkuta mdogo wao kitandani hapa, anamtafuta paka chini ya mito."

Fundi aliweka drili chini. "Mbona hukuniambia?"

"Nikikuambia utauliza. Ukiuliza, mimi nafukuzwa. Tutakula maswali, Baba Pacha?"

Mkaguzi alifika saa tano, faili kwapani, Dalali na Meneja nyuma yake. Aligonga sanduku kwa kiganja. "Hili kama nalijua," akasema akicheka. "Lina kovu hapa mlangoni."

"Afande, masanduku ya fundi mmoja lazima yafanane," Dalali alijibu haraka.

Meneja aliingiza bastola sandukuni, akafunga, akafungua, akafunga tena. Mkaguzi akatoa kalamu. Hapo fundi akashindwa kujizuia.

"Samahani, afande. Sheria inataka sanduku liwepo, au inataka bunduki ikae ndani?"

Mkaguzi alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya. "Swali zuri. Fomu inauliza kama sanduku lipo. Lipo." Akatia saini.

"Fundi," Meneja alisema kwa upole, "mimi nimevamiwa mara mbili humu ndani. Mwizi hakusubiri utafute funguo."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na fundi aliliona. "Na mtoto akiikuta, mzee?"

"Mtoto ana wazazi. Wamwangalie."

Wakatoka kwenda kunywa soda barazani. Fundi aliwatazama mpaka wa mwisho alipopotea, kisha akafungua mlango wa sanduku kwa funguo zilizoachwa zikining'inia, akaisogeza bastola pembeni kwa kitambaa, akachomeka grinda kwenye umeme. Alisaga vichwa vya boliti zote nne zilizokuwa ndani mpaka vikawa duara kama vifungo vya shati.

Dalali aliporudi akaona fundi hafungui, akashika spana mwenyewe; iliteleza. Akajaribu ya pili, ikateleza. "Umefanya nini wewe? Saa nane linasubiriwa huko!"

"Sheria imesema lifungwe ukutani," fundi alisema. "Nimelifunga." Na moyo wake ukafurahi, furaha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi.

Meneja hakukasirika hata kidogo. Alicheka mpaka akakohoa. "Dalali, ukuta wangu hubomoi. Liache." Kisha akafungua sanduku, akatoa bastola, akairudisha chini ya mto uliokuwa umekwisha kukung'utwa. Kwenye sanduku akaweka hati ya nyumba, cheni za mkewe na saa yake ya dhahabu. "Hivi ndivyo vitu vya kufungia," alisema.

Fundi alianza kukusanya vifaa vyake.

"Mzee," Mama Pacha alisema, akivua aproni, "kuanzia leo mto huo utauinua mwenyewe."

"Unaacha kazi kwa ajili ya mto? Wako mia wanaitaka."

"Basi mchukue asiye na watoto."

Dalali alikwisha kuondoka na pikapu yake, akiapa hatampa fundi kazi tena maisha. Wakatembea kwa miguu, jua la saa saba utosini, fundi na drili na grinda begani, mkewe akimshika pacha mmoja kila mkono. Fundi alijua mkewe anahesabu siku za mwezi zilizobaki. Yeye mwenyewe alikuwa anaogopa.

Mdogo wao akageuza shingo kuitazama nyumba. "Baba, lile sanduku ulilofunga ni la nini?"

"La kumwonyesha mkaguzi, mwanangu."