Kisogo cha Wifi

Kwa siku tatu nzima, alichokiona cha wifi yake kilikuwa kisogo tu. Kilikuwa kisogo chembamba, nywele zimekatwa chini kabisa, mvi zimeanza kuota karibu na ukosi, na nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na kovu dogo kama alama ya mkato. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameolewa na kaka wa mwanamke huyu, na hakuwahi kuliona kovu lile. Mtu akikususa, watu husema amekupa kisogo. Huyu alikuwa amempa kisogo tangu msiba wa miaka miwili iliyopita, na sasa kayaki ilikuwa imeufanya msemo kuwa kweli: chombo chembamba cha watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, magoti chini ya sitaha, pasipo nafasi ya kugeuka.

Safari haikuwa yao. Mumewe ndiye aliyeipanga, siku tano za kupiga kafi kando ya pwani iliyojaa wanyama, yeye na mkewe, kuadhimisha ndoa yao. Wiki moja kabla ya kuondoka, akiteremsha kabati kwenye ngazi, alivunjika kifundo cha mguu.

"Nafasi isipotee bure," alisema akiwa kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mito. "Nimeshamwambia dada. Shule zimefungwa, hana kazi."

Mkewe alimwongezea mto mmoja chini ya mguu. Mume yule alikuwa mtu mwema, lakini wema wake mara nyingine ulikuwa wa mtu anayetia paka wawili katika gunia moja akitumaini watapatana.

Wifi alikuwa mwalimu mkuu, na ualimu mkuu hakuwa ameuacha nyumbani. Asubuhi ya kwanza, kwenye changarawe za ufukwe, kiongozi wa msafara aliwagawia majaketi ya kuelea na makafi yenye bapa pande zote mbili. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Wenzake walimwita Kasa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Alieleza kwamba anayekaa nyuma ndiye mwenye usukani, huuongoza kwa pedali za miguuni. Wa mbele kazi yake ni kutoa mwendo.

"Basi mimi nitakaa mbele," wifi alisema, "nione tunakokwenda."

"Sawa," Kasa alijibu. "Ila ukiona kitu, usigeuke kumwonyesha mwenzako. Mkiegemea upande mmoja mtaoga."

Hivyo amri zikawa zinatoka mbele. Kushoto. Kushoto kidogo. Hicho si kidogo. Naye wa nyuma aliitikia "haya, wifi" kisha akakanyaga pedali kadiri alivyoona inafaa. Alikuwa msomaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji. Kwa miaka mingi alikuwa amewafuata watu kwa nyuma, akiyaondoa makosa yao kabla hayajaonekana, na wenyewe wasijue yalikuwepo.

Pwani ile, hata hivyo, haikuhitaji kusahihishwa. Chini ya kayaki mwani ulisimama kama msitu, mrefu, wa rangi ya asali, ukipepea katika upepo usiokuwepo. Sili, wanyama wanene wa baharini, walilala juu ya miamba kama magunia yaliyoangushwa na gari, wakawageuzia nyuso zenye masharubu, wakawasindikiza kwa macho. Siku ya pili walimwona fisi maji akielea chali, amejiwekea jiwe kifuani, anapasua kome juu yake kwa bidii ya fundi anayelipwa kwa kipande. Wifi alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kidogo, halafu akakimeza, kana kwamba amekumbuka ni nani aliyeketi nyuma yake.

Kilichokuwa kati yao kilikuwa swali moja. Mama mkwe alifia nyumbani kwa mwanawe, baada ya kuuguzwa na mkaza mwana miezi mitano. Binti yake, huyu wifi, alifika shuka zimeshaondolewa kitandani. Alisimama jikoni na mkoba wake begani, akauliza: "Kwa nini hukuniita?" Na mkaza mwana akajibu: "Mambo yalikwenda haraka, wifi." Hayakwenda haraka. Yalichukua siku tatu. Tangu hapo wifi akawa anapiga simu kwa kaka yake tu, na salamu zikapita kwa kaka kama barua inayopita kwa jirani.

Siku ya nne bahari iliamka imelala. Hakukuwa na kunyanzi hata moja juu ya maji. Walikuwa katika kayaki tatu: Kasa peke yake, wao wawili, na mume na mke waliofunga ndoa mwezi uliotangulia na ambao bado waliombana radhi kila makafi yao yalipogongana. Walipopita ncha ya mwamba, Kasa aliinua kafi lake, akalilaza hewani.

"Acheni kupiga. Sogeeni, mshikane vyombo. Sasa gongeni ubavu wa kayaki taratibu, ajue tulipo."

"Nani ajue?" bwana harusi aliuliza.

Kasa hakuhitaji kumjibu. Pumzi ilisikika, nzito, ya taratibu, kama mlango wa ghala kubwa unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Mvuke ukapanda, ukasimama kidogo juu yao, ukawashukia ukinuka samaki na chuma. Miwani ya yule aliyeketi nyuma ya wifi ikaingia ukungu. Alipoifuta kwa kidole, mgongo mweusi ulikuwa ungali unapita. Ukapita, ukaendelea kupita, mpaka akajikuta anaungoja uishe kama mtu anavyongoja treni ya mizigo kwenye kivuko. Nyuma yake ikasikika pumzi nyingine, fupi na nyepesi.

"Ana mtoto," Kasa alinong'ona. "Tulieni. Atapita atakapo yeye."

Wa nyuma aliinama kutazama. Maji yalikuwa ya kijani, matupu. Kisha kina kikaanza kuwa cheupe katika sehemu mbili, na ule weupe ukafunguka ukawa mikono, kila mmoja karibu urefu wa kayaki yao. Katikati ya mikono ile nyangumi mwenyewe alikuja, amejaa makovu na vichaza vilivyomganda ngozini, akiwa amelalia ubavu, jicho moja limeelekea juu. Jicho lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, la kahawia, na liliwatazama. Mnyama yule angeweza kuwapindua kwa kujikuna tu. Badala yake alikunja mkono mmoja, polepole, kama mtu anayepita ukumbini kati ya watoto waliolala, akapita chini yao bila kuwagusa. Kayaki ikainuka kiasi cha upana wa kiganja, ikashuka.

Kwa muda hakuna aliyekuwa na umri wala cheo. Bibi harusi alikuwa analia bila kuficha. Baadaye Kasa akaashiria waanze tena, taratibu, na vyombo vikaachana. Kayaki ya mawifi ikabaki nyuma. Kutoka mbele hakukuja amri yoyote.

"Wifi," sauti ya mbele ikasema hatimaye.

"Abee."

"Nilikuwa mwendo wa saa tano kutoka pale. Ungeinua simu tu."

Alikitazama kile kisogo. Kama angekuwa anautazama uso, angejibu kama alivyojibu jikoni.

"Niliinua. Mama akaniambia niirudishe."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kafi la mbele, tone baada ya tone.

"Alisemaje?"

"Wifi, tuyaache."

"Sijakuomba uyasahihishe. Nimekuomba uyaseme."

Akayasema. "Alisema, 'Usimwite yule. Akija ataanza kuwapanga madaktari mstari kama wanafunzi wake, na mimi nimechoka kupangwa.'"

Mabega ya wifi yakaanza kutikisika. Hakuweza kujua kama anacheka au analia. Alinyoosha mkono, haukufika. Akaurudisha, akashikilia kazi aliyoiweza, kukiweka chombo sawa.

"Ni yeye," wifi alisema baadaye, kwa sauti iliyolowa. "Ni yeye kabisa. Ungeyatunga wewe yangekuwa na adabu zaidi."

Hapo ndipo lilipomtoka mwenzake jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema. "Nilikuficha kwa kukuonea huruma. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini pia nilipenda kuwa mimi ndiye niliyeruhusiwa kubaki."

Alingoja. Mbali, upande wa wazi wa bahari, pumzi ya nyangumi ilisikika mara moja, kisha ile ndogo.

"Alikuwa na maumivu?" wifi aliuliza.

"Siku ya kwanza. Baadaye alikuwa anasikia baridi tu. Alitaka nimshike nyayo."

"Nyayo?"

"Alisema mikono kila mtu anashika."

Wifi alilaza kafi lake juu ya sitaha, akaingiza viganja vyote viwili majini, akaviacha humo.

"Anza siku ile ya kwanza," alisema. "Asubuhi. Usiruke kitu."

Akaanza na chai ambayo Mama aliikataa, na dirisha alilotaka lifunguliwe. Mbele yao Kasa aligeuza kichwa, akauona umbali uliokuwa umeingia kati ya vyombo. Hakuita. Aliliweka kafi lake mapajani, na kayaki yake ikaenda ikipungua mwendo, mpaka ikasimama yenyewe juu ya maji.