Harufu ya Dikidiki na Samli ya Nyanjige

Dikidiki ni mnyama mdogo mwenye mambo makubwa. Akitaka majirani wajue hapa ni kwake, husogeza uso taratibu kwenye ncha ya kijiti, utadhani anataka kujitoboa jicho, akakichomeka kwenye tezi iliyo pembeni ya jicho na kuacha tone jeusi kama lami. Kabula alitaka kujua tone lile limetengenezwa na nini, na kama la dume ni tofauti na la jike. Ndiyo iliyokuwa kazi yake ya shahada ya kemia. Watu wa kwao Meatu walimcheka mpaka wakachoka: kasoma kote huko, karudi kuokota uchafu wa dikidiki!

Msimu mzima alikata vijiti kwa mikono mitupu, maana glavu chuoni zilikuwa hadithi tu, akavitia kwenye vichupa na kuvipeleka maabara. Mashine ikaonyesha asidi za mafuta za aina moja kwenye kila kijiti, cha dume na cha jike. Dokta Hilali, msimamizi wake, alifurahi kama aliyepata mjukuu.

"Hapo umefika, Kabula. Andika."

Kabula naye alifurahi sana. Lakini kilibaki kichupa kimoja chenye kijiti kisichoguswa na mnyama yeyote, alichokikata makusudi ili alinganishe. Alipokipima, asidi zilezile zikajitokeza. Akakaa kitako. Kama si mnyama, ni nani aliyegusa vijiti vyote? Ni yeye. Na kila asubuhi kabla hajaingia porini, mama yake, Nyanjige, alimpaka samli mikononi hadi viwikoni, kama alivyompaka kila aliyetoka nyumbani kwake kwenda porini.

"Kijiti kimoja tu," alisema Dokta Hilali. "Kiache."

"Nikikiacha, shahada yangu itakuwa ya samli ya mama. Narudi kuanza upya, Dokta."

"Na pori utalikuta?"

Hilo lilikuwa swali. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kinapata mwenyewe. Pamba ilipata wanunuzi binafsi, na pori la jirani na kwao lilipata kampuni ya uwindaji. Msimu wa wawindaji ukifunguliwa, kibali cha Kabula kingekufa. Alifika nyumbani imebaki siku moja.

Asubuhi Nyanjige akaja na kibuyu chake.

"Mwangaluka, mayu," Kabula alimwamkia mama yake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Lete mikono."

Kabula akaificha nyuma. "Leo hapana, mayu. Samli imeingia kwenye vijiti vyangu. Imeharibu kazi yote."

Nyanjige alimtazama kama aliyetukanwa. "Kaka yako Masele aliondoka hapa na mikono mikavu. Alikuwa na haraka, kama wewe. Nyati akamrudisha amebebwa."

Moyo ulimuuma Kabula. Miaka yote alidhani samli ile ni mazoea tu, kumbe kwa mama ilikuwa kinga. Alitaka kusema nyati hajali mikono ya mtu, akalimeza neno hilo. Ingekuwa rahisi kunyoosha mikono, mama apake, yaishe.

"Mayu, nisipoenda leo, kazi yangu imekufa. Na nikienda na samli, ni bora nikalale."

Akatoa chupa ya spiriti, akajisugua mikono mpaka ikapauka. Nyanjige alisimama akimwangalia. Kisha akaweka kibuyu chini na kunyoosha mikono yake mwenyewe, iliyokuwa iking'aa kwa samli.

"Nimwagie na mimi."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Porini. Kwani dikidiki ni wako peke yako? Kama ni ukavu, tukauke wote."

Nyanjige alitangulia, fimbo mkononi, akaingia kwenye vichaka ambavyo hakuvikanyaga tangu amzike mwanawe. Alipofika penye kijiti cha kwanza chenye tone jeusi, akasimama kando na kuangalia porini.

"Kata," alisema bila kugeuka. "Mimi nipo hapa."